Kufunga reli za treni ndogo mezani: misumari, gundi, na lini usitumie chochote

Swali ambalo wanaoanza hawachoki kuuliza ni hili: "Nitumie gundi gani kali ili reli zisitoke?" Jibu langu huwakera wengi: usitafute kali. Kichwa cha treni cha kipimo cha HO kina uzito wa gramu mia chache tu, na hakuna mtu atakayekanyaga njia yako. Kazi ya gundi au msumari ni kuzuia reli isisogee kando, basi. Kinachofanya treni isiache njia ni meza iliyo sawa, mikunjo isiyo na kona na maungio safi, na hayo hayauzwi kwenye chupa. Isitoshe, ramani yako utaibadilisha. Kila mtu hubadilisha. Kwa hiyo funga reli kiasi cha kukaa, na kwa namna ambayo miezi sita baadaye utaweza kuing'oa ikiwa nzima.

Uko kwenye kipimo gani?

Mifano yote hapa ni ya HO, yaani 1:87, ambako upana kati ya reli mbili ni mm 16.5. Kwa aliyezoea kuona SGR ya Kenya au ya Tanzania kipimo hiki kimekaa vizuri: gawanya mm 1,435 za reli halisi kwa 87, unapata 16.5. Anayetaka kuunda njia ya zamani ya mita moja, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, au TAZARA yenye mm 1,067, atafute reli za mm 12. Wa N (1:160, upana mm 9) afuate hatua hizihizi, ila misumari iwe midogo zaidi na mkono uwe mwepesi zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Meza ya plaiwudi ya mm 9 au 12, yenye fremu chini yake. Plaiwudi tupu isiyo na fremu hubonyea katikati. Ipake rangi pande zote mbili pamoja na kingo, hasa ukiwa Pwani.
- Tandiko la kuweka chini ya reli: koki (ile nyenzo ya vizibo vya mvinyo) ya mm 5 hivi, foamu ya EVA kama ya ndala, au softiboadi ya mbao za matangazo.
- Reli za kunyumbulika, ambazo kwa kawaida huja na urefu wa mm 914, au vipande vigumu vya kwenye seti. Viungio (vibanio vidogo vya kuunganisha ncha za reli) vya chuma, na vichache vya plastiki.
- Silanti ya akriliki, ile ya tyubu ndefu ambayo mafundi rangi huzibia nyufa za ukutani. Soma maandishi: iwe ya maji na inayokubali rangi. Ikiandikwa silikoni tupu, irudishe.
- Gundi nyeupe ya seremala, ya kawaida, siyo ile isiyoingiwa na maji.
- Misumari midogo ya reli, koleo la mdomo mwembamba, drili ya mkono na biti ya mm 1.
- Msumeno wa meno madogo au koleo la kukatia reli, na tupa ndogo bapa.
- Pasi ya kulehemu, pesti isiyo na asidi, waya mwekundu na mweusi.
- Pimamaji, rula ya chuma, penseli, msasa, pini za ubao wa matangazo, kadi ya plastiki iliyokwisha muda, na makopo kadhaa ya vyakula yaliyojaa. Usiyafungue bado.

Misumari au gundi?

Msumari ni mzuri kwa anayejaribu ramani, kwa sababu unatoka kwa koleo. Unashika vizuri kwenye softiboadi na kwenye mbao laini. Kwenye foamu ngumu nyeupe haushiki kabisa, na kwenye MDF utaupinda kabla haujaingia. Ubaya wake mwingine ni kelele: ukipenya koki hadi kwenye plaiwudi, unapeleka mtikisiko moja kwa moja kwenye meza, na meza inavuma.

Silanti ya akriliki ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu. Inakupa dakika kumi hivi za kurekebisha, ikikauka inabaki na unyumbufu kidogo, na siku ya kung'oa unapitisha skrepa nyembamba chini ya mataruma (vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli). Inashika koki, mbao na foamu bila kuviharibu.

Gundi nyeupe inafaa kwa tandiko na kwa kokoto (vijiwe vya kumwaga kati ya mataruma). Chini ya reli inakauka ngumu, na kuitoa ni kazi ya maji ya moto na subira.

Reli zenye tuta lake la plastiki, kama Kato Unitrack, Bachmann E-Z Track au C ya Märklin, zinabanana zenyewe. Ukiwa kwenye nyumba ya kupanga na meza inaingia chini ya kitanda kila jioni, usizifunge kwa chochote. Kwa meza ya kudumu, skrubu ndogo moja kila baada ya vipande vitatu au vinne inatosha.

Visivyofaa: gundi ya viatu, ambayo viyeyushi vyake hula foamu nyeupe mpaka shimo, gundi ya papo hapo, ambayo haikupi nafasi ya kurekebisha, na gundi ya moto ya bastola, inayoacha vinundu chini ya mataruma. Epoksi iachie mabomba.

Hatua kwa hatua

1. Panga reli zote mezani bila kufunga kitu. Endesha treni ndefu kuliko zote ulizonazo, mbele na nyuma. Kwa HO, mkunjo wa nusu-kipenyo cha mm 457 unabeba mabehewa mafupi. Mabehewa marefu ya abiria yanataka mm 600 au zaidi ili yasionekane yanakata kona. Kwenye plaiwudi nzima ya futi 4 kwa 8 unaweza kuzungusha mm 559, lakini hesabu vizuri: kutoka ncha za mataruma hadi ukingoni zinabaki kama cm 3.5 tu kila upande, na treni ikiacha njia hapo inakwenda sakafuni. Weka ukingo.

2. Chora mstari wa katikati ya njia, siyo wa kando. Kwa mikunjo, tumia ubapa wa mbao wenye msumari upande mmoja na tundu la penseli upande wa pili. Pale mkunjo wa kushoto unapofuatwa na wa kulia, weka kati yao kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Wengi huruka hili kwa kubana nafasi, kisha wanalaumu magurudumu.

3. Bandika tandiko. Paka gundi nyeupe nyembamba kwenye plaiwudi, laza koki kufuata mstari, bana kwa pini, acha usiku kucha. Koki za reli huja zikiwa zimepasuliwa katikati kwa urefu. Laza nusu moja kwanza, kingo yake ikigusa mstari, kisha ya pili. Ikikauka pitisha msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao bapa. Funga macho na pitisha vidole: kila kinundu unachokigusa, gurudumu nalo litakigusa. Ukitumia softiboadi, ipake rangi kwanza, maana ikinywa maji ya kokoto inavimba.

4. Lehemu waya kabla ya kufunga. Kila urefu wa reli upate waya wake, mwekundu reli moja na mweusi nyingine, kutokea chini au upande usioonekana. Pasi iwe moto wa kutosha ili uguse sekunde mbili tatu tu. Ukikawia, mataruma yanayeyuka na upana wa njia unaharibika hapohapo. Pamba yenye maji pande zote mbili za sehemu unayolehemu husaidia kunyonya joto. Kuegemea viungio peke yake kupitisha umeme ni kujipa kazi ya mwaka kesho.

5. Kata na usafishe ncha. Kila ukikata, piga tupa pande zote: juu, ndani na chini. Upande wa ndani, juu, punguza ncha kali kidogo, kiasi cha kutoonekana ukiwa umesimama. Kiungio kikikataa kuingia usisukume kwa nguvu za kidole, kitakuchoma. Shika kwa koleo. Huenda ukalazimika kuondoa taruma moja au mawili kwenye maungio. Yaweke pembeni, utayarudisha mwishoni baada ya kuyapunguza kimo.

6. Shughulikia mkunjo kabla ya gundi. Ukikunja reli ya kunyumbulika, ncha ya reli ya ndani inachomoza kupita ya nje, ndiyo maana lazima ukate tena. Kwa aina ambazo reli moja tu ndiyo inayoteleza, ielekeze ndani ya mkunjo. Kiungio kikiangukia katikati ya mkunjo, lehemu vipande viwili vikiwa vimenyooka mezani, kisha ndipo ukunje kama kipande kimoja. Ukikunja kwanza na kuunga baadaye, pale kwenye maungio pataota kona, na kona hiyo hainyooki kwa gundi yoyote.

7. Acha nafasi za kupumua. Mita moja ya reli za nikeli, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka kwa karibu theluthi moja ya milimita. Ni kidogo. Mbao inayonywa unyevu hucheza zaidi, na mtu wa Tanga au Zanzibar ataliona hilo kati ya kiangazi na masika. Kwenye sehemu zilizonyooka, usilehemu kila kiungio; acha kimoja baada ya kingine, chenye mwanya wa unene wa kadi ya benki, kama mm 0.75. Ukifunga mchana wa jua kali reli tayari zimerefuka, basi punguza mwanya.

8. Paka silanti. Weka mstari mmoja mwembamba katikati ya tandiko, kisha usambaze kwa kadi ya plastiki mpaka rangi ya koki ionekane kupitia silanti. Hapa ndipo mkono wa anayeanza unapoponyoka. Ukilaza reli na silanti ikachungulia kati ya mataruma, umepaka nyingi; nyanyua, kwangua, rudia. Fanya urefu mmoja wa reli kwa wakati mmoja. Ruka kabisa maeneo ya pointi (pale njia inapogawanyika).

9. Laza reli na unyooshe. Ingiza ncha kwenye viungio kwanza, kisha shusha reli taratibu kufuata mstari. Weka rula ya chuma pembeni ya reli kwenye sehemu zilizonyooka. Halafu inama hadi jicho liwe kwenye kimo cha reli, utazame kutoka ncha moja hadi nyingine. Kutoka juu njia huonekana imenyooka hata ikiwa imepinda. Kutoka chini haidanganyi. Sukuma kwa kidole, tazama tena.

10. Bana na uache. Pini kando ya mataruma kwenye mikunjo, makopo juu ya ubao mwepesi kwenye sehemu zilizonyooka. Usiku kucha. Usijaribu treni jioni hiyohiyo.

Kama umechagua misumari

Toboa taruma katikati kwa biti ya mm 1 kwanza, hata kama kiwandani waliacha alama ya tundu. Msumari mmoja kila cm 15 kwenye sehemu iliyonyooka, kila cm 8 kwenye mkunjo. Usiupige kwa nyundo. Usukume kwa koleo. Kwenye mbao ngumu ambayo nyundo haiepukiki, weka kipande cha chuma kati ya nyundo na kichwa cha msumari, maana nyundo ikiteleza mara moja tu itapinda reli.

Kuna kosa moja ambalo nimelikuta kwenye meza nyingi kuliko yote. Mtu anashindilia msumari mpaka kichwa kizame. Taruma ni plastiki. Katikati inabonyea, ncha zinainuka, reli mbili zinaegemeana na upana unapungua. Gurudumu likifika hapo linapanda. Acha kati ya kichwa cha msumari na taruma nafasi ya karatasi moja kupita. Mulika tochi kwa ubavu: vivuli vya mataruma viwe mistari iliyonyooka. Kikiwepo kimoja chenye umbo la kisahani, msumari wake umezidi.

Pointi

Pointi usiipake gundi chini. Ina reli mbili zinazocheza, yaani ndimi, na upau mdogo wa kuzisukuma, na tone moja la silanti likipanda hapo umepoteza pointi nzima, ambayo bei yake unaijua. Ishikiwe na njia zinazoungana nayo, pamoja na msumari mmoja kila ncha, mbali na upau. Ukihofia itahama, weka doa dogo la silanti chini ya mataruma ya mwisho, upande usio na ulimi.

Toboa tundu la mota au la waya wa kusukuma kabla ya kuilaza, na hakikisha pointi inacheza kwa kidole bila kukwama. Kisha jaribu tena ikiwa imefungwa. Ikikwama sasa na haikukwama mwanzo, meza chini yake haiko sawa.

Kokoto mwishoni, siyo kesho

Endesha treni kwa wiki kadhaa kabla ya kumwaga kokoto, kwa sababu kokoto zikishikana ndizo zitakazokuwa kifungo chako halisi. Ukitaka kutumia mchanga wa bure, usiwe wa baharini bila kuosha, chumvi inakula waya na viungio. Halafu pitisha sumaku ndani yake: mchanga mweusi una chembe za chuma, na mota ya treni itazikusanya.

Mwaga kokoto kavu, sambaza kwa brashi laini, juu ya mataruma pabaki safi. Nyunyiza ukungu wa maji yenye spiriti kidogo hadi zilowe. Kisha dondosha kwa bomba la sindano gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni gundi inasimama juu kama shanga. Spiriti inawaka, kwa hiyo zima umeme wote, fungua dirisha, na pasi ya kulehemu iwe mbali. Kwenye pointi, weka kokoto chache mno karibu na upau, au usiweke.

Mambo yakienda kombo

*Treni inaacha njia mahali palepale.* Pitisha ukucha juu ya maungio. Ukikwama, piga tupa. Usipokwama, pima upana. Kipimo cha bati cha NMRA, chama cha Marekani cha wenye treni hizi, kinaonyesha mara moja kama reli zimebanana. Kisha angalia misumari ya karibu. Ikiwa ni behewa moja tu linaloacha njia kila mahali, iache njia yako, kapime magurudumu.

*Reli imejipinda kama mawimbi siku ya joto.* Hukuacha mianya, au umelehemu kila kiungio. Kata mwanya kwa msumeno katikati ya sehemu iliyojipinda, acha reli ijinyooshe, kisha paka silanti upya. Waya uwepo pande zote mbili za mwanya.

*Taa za kichwa zinakonyeza.* Kwanza safisha reli kwa kitambaa chenye spiriti. Zikiendelea, bonyeza kila kiungio kwa kidole wakati treni inapita. Kinachobadilisha mwanga ndicho kibovu.

*Meza inavuma kama ngoma.* Ng'oa misumari baada ya silanti au kokoto kushika. Haina kazi tena, na sauti inapungua pale pale.

*Silanti haikauki.* Tyubu ni ya zamani, au umepaka nene chini ya reli pasipopita hewa. Subiri siku mbili. Ikiwa bado inanata, nyanyua na ukwangue.

*Pointi imeganda baada ya kokoto.* Usiilazimishe kwa mota, utavunja upau. Dondosha maji ya moto yenye sabuni kwenye ndimi, subiri dakika tano, sogeza kwa kijiti cha meno kidogo kidogo, nyonya gundi iliyolainika kwa karatasi laini. Rudia.

*Nataka kuhamisha njia.* Ikiwa ni silanti, ingiza skrepa nyembamba chini ya mataruma na uisukume ikiwa imelala, usiinue reli kwa mkono hata kidogo. Reli ya HO ikipata kona haisahau. Ikiwa kuna kokoto zenye gundi nyeupe, lowesha kwa maji ya moto, funika na kitambaa kilicholowa kwa nusu saa, kisha ndipo skrepa. Kata waya kwa chini ya meza kwanza. Mataruma yakibaki na ukoko, yaloweke kwenye maji ya vuguvugu usiku mmoja, sugua kwa mswaki wa zamani na uanike kivulini, reli ikiwa imelala bapa.